Hajaonja Tembo, na Ini Limeugua: Maneno Machache Kuhusu Sukari

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha afya. Nimeyaandika kwa ajili yako wewe ambaye hukuweza kuja.

Nianze na jambo linalouma. Mtu anakwenda hospitali, amechoka siku nzima na chini ya mbavu za kulia panamsumbua. Anapigwa skani, anaambiwa ini limejaa mafuta. Akirudi nyumbani, badala ya kupewa pole, anaangaliwa kwa jicho jengine. "Kwani huyu anakunywa?" Mjomba wangu yalimpata hayo. Mzee wa watu hajaonja tembo maishani mwake, na watu wa nyumba yake mwenyewe wakanong'ona. Kwa kuona haya akaacha kliniki karibu mwaka mzima.

Sasa sikiza. Pombe huharibu ini, hilo linajulikana. Lakini unene, kisukari na vyakula vyetu vya kila siku pia huliharibu, na mtu hajagusa chupa. Mwaka 2023 madaktari wa nchi mbalimbali walibadilisha hata jina la kitaalamu la ugonjwa huu. La zamani lilikuwa na neno pombe ndani yake. Jipya linautaja mwili unavyotumia chakula. Kwa hivyo ukisikia mtu ana ini lenye mafuta, mpe pole na unyamaze.

Sukari inaingiaje hapa? Sukari ya mezani ni vitu viwili vilivyoungana, nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, misuli na ubongo. Fruktosi, ikiwa nyingi, mzigo wake mkubwa huangukia ini. Ikija pole pole, kama kwenye chungwa unalolitafuna, hakuna neno. Ikija kwa mkupuo, kama kwenye soda, ini huigeuza mafuta, na mengine hubaki pale pale. Miaka ikipita, kwa baadhi ya watu ini huvimba, likaota makovu, na makovu yakienea ndiyo sirosisi.

Tufanye hesabu. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kutiwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula chako cha siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko 6. Wewe una chai ya asubuhi, ya saa nne, ya alasiri na ya usiku. Vijiko 3 kila kikombe. Hapo ni vijiko 12, gramu 48, na bado hatujataja mahamri. Soda ya mililita 300 huwa na zaidi ya gramu 30. Kaimati zilizogaragazwa kwenye shira sitaki hata kuzihesabu, maana nazipenda.

Hapo watu huanza kutafuta njia ya panya. "Mimi nimehamia asali." Asali tumeambiwa ina shifa, na mimi sina ubishi. Ila karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na fruktosi ndiyo inayoongoza humo. Vijiko vitano kwenye chai ni sukari tu. Sukari guru na sukari ya rangi ni hivyo hivyo, ini halitazami rangi. Tende angalau zina nyuzinyuzi. Tatu za kufungulia sawa, sinia zima mbele ya televisheni ni jambo jengine. Na jusi ya nyumbani, hata bila kutia sukari, glasi moja imekunywa machungwa matatu au manne, na makapi yake yamebaki kwenye chujio. Kula tunda lenyewe.

Kuna moja ya hatari zaidi kwa sababu inavaa nguo ya dawa. Ziko pakiti za fruktosi tupu zinazouzwa kama sukari ya wagonjwa wa kisukari, kwa kuwa haipandishi glukosi ya damu haraka. Mwenye ini lenye mafuta asiiguse. Soma pakiti kabla ya kulipa. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya anachonunua, na hii ndiyo haki yenyewe.

Je, vile vidonge na unga wa utamu usio sukari, kama stevia, sukralosi na aspatemi? Hapa nitasema wazi nionavyo. Kwa mtu wa soda mbili kwa siku, kuhamia isiyo na sukari kwa miezi michache ni afadhali kuliko kubaki alipo. Lakini usifanye makao hapo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitu hivi visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Mwaka huo huo aspatemi iliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, na saratani iliyotajwa ilikuwa ya ini. Ushahidi wenyewe ulisemwa kuwa mchache, na kiwango kinachoruhusiwa kwa siku hakikubadilishwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, kiasi ambacho mtu wa kawaida angehitaji makopo mengi kukifikia. Usitishike, na usizoee. Ulimi hufundishika. Punguza nusu kijiko kila wiki, baada ya miezi miwili chai ya zamani itakushinda kuinywa.

Kinywaji ambacho utafiti mwingi umekihusisha na ini lenye makovu machache ni kahawa. Yetu ile chungu ya tangawizi, kwenye kikombe kidogo, iko hapo. Tatizo ni halua na kashata zinazokuja nayo.

Na uzito. Mwenye unene akipunguza asilimia 5, mafuta ya ini hupungua. Akifika 7 hadi 10, hata uvimbe huweza kutulia. Kwa mtu wa kilo 90 ni kati ya kilo 4 na nusu na 9. Pole pole, si kwa kujinyima njaa.

Tafadhali hapa usinielewe vibaya. Niliyosema ni ya ini lenye mafuta. Aliyekwisha fika sirosisi anakonda misuli, huyo asinyimwe chakula. Zamani walikatazwa maharagwe, mayai na samaki. Siku hizi madaktari wanataka wale protini ya kutosha, wale mara nyingi kidogo kidogo, na wapate kitu cha wanga kabla ya kulala ili mwili usijile usiku. Chumvi ndiyo wapunguze, hasa miguu au tumbo likijaa maji. Akitumia dawa ya kutoa maji aulize pia kuhusu madafu, kwa sababu ya potasiamu. Asifunge kabla daktari hajamruhusu. Na akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka: ikiwa anaweza kumeza mpe kitu kitamu hapo hapo, kisha hospitali. Chupa za "kusafisha ini" zinazopitishwa mitaani mwache nazo mbali, baadhi ya miti huliua ini lenyewe.

Ukiambiwa ini lina tatizo, omba pia upimwe homa ya ini aina ya B na C. Hizo haziondoki kwa kuacha sukari.

Mjomba alirudi kliniki. Anakunywa chai ya iliki, kijiko kimoja. Shangazi ndiye aliyeshindwa kuzoea, kila mgeni akija humwambia, "Mwenzangu, chai ya nyumba hii samahani."