Mkulima Anayelala Usingizi

Dominika ya 11 ya Mwaka B
Masomo: Ezekieli 17:22-24, 2 Wakorintho 5:6-10, Marko 4:26-34





Injili ya leo ina mifano miwili. Wa pili, ule wa punje ya haradali, twauzoea. Wa kwanza ni mfupi, na katika wainjili wanne ni Marko peke yake aliyetuhifadhia. Mtu anamwaga mbegu shambani, kisha anakwenda zake kulala. Kunakucha anaamka, kunakuchwa analala tena. Siku zinapita, mbegu inaota na kurefuka, wala mwenyewe hajui imewezekanaje. Udongo unafanya kazi yake bila kuambiwa: chipukizi linatangulia, suke linafuata, na punje inakomaa mwisho. Mavuno yakiwa tayari, hapo hapo mtu yule anashika mundu.

Sisi tuliokulia jembeni tunaposikia mfano huu twaweza kutabasamu. Je, kuna mkulima anayelala namna hiyo? Mbona hatukusikia habari za kufyeka, kupalilia, na kuamia ndege tangu alfajiri? Bwana wetu hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alilelewa Nazareti, kijijini, kati ya watu waliolima na kuvuna. Ikiwa ameyaacha, ameyaacha kwa makusudi, ili tutazame jambo moja tu: kati ya jembe na mundu kuna kipindi ambacho si chetu. Mkono umemaliza sehemu yake. Sasa ni zamu ya Mungu.

Kipindi hicho ndicho kinachotushinda. Utotoni mwetu mama alitukabidhi tuta moja la maharage liwe letu. Tulipanda kwa furaha. Siku ya tatu hatukuona kitu. Tukafukua shimo la kwanza tuone kama mbegu imeanza kuota, tukalifukia. Siku ya nne tukafukua tena. Mama alitukuta tumeinama, akasema kwa upole: “Mwanangu, ukishapanda, mbegu si yako tena, ni ya udongo. Ukiidai kila asubuhi, utabaki na shimo.” Mwaka ule tuta letu lilikuwa na mapengo kuliko matuta yote ya shamba lile.

Tukakua, tukasoma seminari, tukapewa daraja takatifu. Lakini ile tabia ya kufukua ilikua pamoja nasi. Tulipokabidhiwa parokia ya kwanza, tulikuwa na shada la funguo lililotoboa mfuko wa kanzu. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwetu, wa sakristia kwetu, hata wa kabati la vitabu vya kwaya kwetu. Hapakufanyika mkutano bila sisi, wala haukununuliwa mfuko wa saruji bila saini yetu. Watu walitusifu kwamba Baba Paroko ana bidii, nasi tuliamini hivyo. Hatukujua kwamba chini ya bidii ile palikuwa na hofu: hofu kwamba tusiposhika sisi, Kanisa litaanguka.

Kisha tukaugua. Tulilazwa mbali na parokia kwa muda wa miezi minne. Mwezi wa kwanza tuliandika barua za maagizo karibu kila siku. Mwezi wa pili mkono haukuweza tena kushika kalamu. Siku moja katekista wetu mzee alikuja kwa basi, safari ya siku nzima, akaketi kando ya kitanda. Tukaanza kumwuliza habari za wakatekumeni, za michango, za paa la kigango. Akatusikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema: “Baba, leo hatukuja kuchukua maagizo. Tumekuja kukuona.”

Tuliporudi tulikuta nini? Wakatekumeni walikuwa wamebatizwa usiku wa Pasaka na padre wa parokia jirani. Kigango kimoja kilikuwa kimejenga kikanisa cha udongo bila kutuuliza. Mradi wa kuku wa akina mama, ambao tuliupenda sana, ulikuwa umekwisha. Mdondo uliwamaliza kuku wote. Wapendwa, tukiri ukweli. Kilichotuuma zaidi hakikuwa kile kilichokufa tulipokuwa hatupo. Kilichotuuma ni vile vilivyoishi bila sisi. Siku hiyo ndipo tulipotambua ni nani tuliyekuwa tukimtumikia.

Yuko mtu mkubwa kuliko sisi aliyejifunza somo hili kwa gharama kubwa zaidi. Askofu François-Xavier Nguyễn Văn Thuận wa Vietnam alikuwa ameliongoza jimbo la Nha Trang kwa miaka 8, akijenga seminari na kuwaandaa walei, alipoteuliwa mwezi Aprili 1975 kuwa Askofu Mkuu mwandamizi wa Saigon. Mwezi huohuo serikali ya kusini ilianguka, na tarehe 15 Agosti 1975, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alikamatwa. Alikaa kifungoni miaka 13 bila kuhukumiwa na mahakama, na 9 kati ya miaka hiyo aliishi peke yake, ametengwa na wafungwa wenzake. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyokosa usingizi akiziwaza kazi alizoziacha, hata usiku mmoja akasikia moyoni kwamba anapaswa kutofautisha kati ya Mungu na kazi za Mungu. Kazi zile zilikuwa njema, zilikuwa za Mungu kweli, lakini hazikuwa Mungu. Mungu akitaka aziache, aziache mikononi mwake, kwani atazikabidhi kwa wengine wenye uwezo kuliko yeye.

Tangu hapo amani ikamrudia. Je, alikaa akikunja mikono? Hapana. Aliwaandikia waamini wake ujumbe nyuma ya karatasi za kalenda kuukuu, na mtoto mmoja akazitoa kwa siri. Aliadhimisha Misa kwa matone matatu ya divai na tone moja la maji katika kiganja cha mkono, divai aliyoletewa kama dawa ya tumbo. Aliachiliwa tarehe 21 Novemba 1988. Katika Kwaresima ya mwaka 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimwita amhubirie mafungo yeye na wasaidizi wake wa Vatikano. Mwaka 2001 alifanywa Kardinali, na mwaka 2002 akafariki dunia. Mbegu iliyofukiwa gizani ilizaa mpaka Roma, wala aliyeipanda hakujua imewezekanaje.

Nabii Ezekieli, katika somo la kwanza, anatueleza kwa nini jambo hili ni la lazima. Alisema na watu waliohamishwa Babeli. Kule Yerusalemu mfalme Sedekia alikuwa anatafuta farasi na majeshi ya Misri, akidhani kwamba kwa hila za kisiasa atayashika yajayo. Mwisho wake twaujua: mji ulianguka. Lakini Mungu anaahidi kwamba yeye mwenyewe atachukua kitawi kutoka kilele cha mwerezi na kukipanda mlimani, na ndege wa kila namna watatua chini yake. Miti mirefu huishusha, na miti mifupi huikuza. Anayepanda ni Mungu. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba Mungu ni Bwana.

Ndugu wapendwa, tujihadhari na makosa mawili yanayokabiliana.

Kosa la kwanza ni kununua uhakika wa kesho. Mkristo anapokea Ekaristi asubuhi, na jioni anapita njia ya uani kwenda kwa mganga aambiwe nani anamroga, au afunge hirizi kiunoni mwa mtoto. Wengine humwendea mtu anayejiita nabii, wakalipa ili watajiwe tarehe ya kupata kazi au mchumba. Tusiwacheke, mara nyingi wana majonzi makubwa. Lakini tuwaambie ukweli: anayekuuzia kesho anauza mali isiyo yake. Mtume Paulo anatukumbusha leo kwamba safari yetu ni ya imani, wala hatujaona bado.

Kosa la pili ni uvivu unaovaa kanzu ya imani. Mtoto ana homa kali siku ya tatu, na baba anasema, “Tumwachie Mungu,” ilhali zahanati ipo. Huko si kumwachia Mungu, ni kumtupia. Mkulima wa Injili alipanda kabla ya kulala, na mavuno yalipofika hakukawia hata siku moja kushika mundu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 306, hutufundisha kwamba Mungu ni Bwana kamili wa mpango wake, lakini katika kuutimiza hutumia pia ushirikiano wa viumbe vyake. Mganga wa zahanati na dawa yake ni sehemu ya maongozi ya Mungu.

Wahenga walisema kwamba mtu hupanga na Mungu hupangua. Usemi huo una hekima, ila tusiuelewe vibaya, tukamdhania Mungu kuwa jirani mwenye kijicho anayengoja tupange ili apangue. Kitabu cha Mithali, sura ya 16, chatufundisha kwamba moyo wa mtu huifikiri njia yake, na Bwana huziongoza hatua zake. Yeye hapangui kwa kupenda kupangua, anaongoza.

Lakini tutamwambia nini mama aliyeomba miezi mingi, akampeleka mtoto hospitali, na bado akamzika? Hatuthubutu kumwambia kwamba ataelewa. Pengine hataelewa upande huu wa kaburi, nasi hatuelewi pamoja naye. Twamwonesha tu bustani ya Gethsemane. Pale Mwana wa Mungu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee. Aliomba kwa machozi na jasho, aliomba mara tatu. Kisha akajikabidhi. Basi kujikabidhi si kuacha kuomba, wala si kukausha machozi. Ni kulia mikononi mwa Baba badala ya kulia mbali naye. Nasi twajua kwamba Baba hakumwacha Mwana kaburini.

Tufanye nini, basi? Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu alitaje mbele ya Mungu jambo moja analolifukua kila asubuhi: mtoto aliyeacha Kanisa, deni, ugonjwa, ndoa yenye ufa, kazi ya utume isiyozaa. Ajiulize kwa unyofu: kesho kuna jambo la haki ninaloweza kulifanya? Kama lipo, aazimie kulifanya. Linalobaki amwambie Mungu kwamba ni lake, kisha alale. Usingizi wa Mkristo ni sala pia, kwani kila anayelala anakiri kwamba dunia itaendelea saa nane usiku bila yeye kuishika.

Nanyi makatekista, mnaofundisha watoto chini ya miembe na msijue nani kati yao atadumu: msihesabu machipukizi kila wiki. Wengi wenu hamtauona mundu, lakini yupo aliyekesha juu ya mbegu zenu mlipokuwa mmelala.

Dominika ijayo, katika sura hiihii ya nne ya Marko, tutamwona Yesu mwenyewe amelala chomboni, kichwa juu ya mto, dhoruba ikivuma. Mwalimu aliyetusimulia habari za mkulima anayelala, yeye naye alilala, kwa kuwa alimjua Baba yake. Atujalie neema ya kumjua vivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.