Leseni ya Maziwa si Karatasi Tu

Maneno yaliyosemwa katika baraza ya wachuuzi wa maziwa



Nimeitwa niseme nanyi habari ya ukaguzi wa maziwa na leseni zake. Najua kwamba neno leseni haliwapendezi wengi. Mchuuzi huamka kabla ya jogoo kuwika, hukusanya maziwa nyumba kwa nyumba, na akifika mjini humkuta Bwana Afya kando ya njia na chombo chake cha kupimia. Maziwa yakimwagwa, hasara ni ya siku nzima. Basi yafaa tuulize: ukaguzi huu unamfaa nani?

Maziwa hayafanani na mahindi. Hindi bovu huonekana kwa macho, lakini maziwa yenye vijidudu vya ugonjwa huweza kuwa meupe na matamu sawasawa na maziwa safi. Ng'ombe mwenye kifua kikuu au homa ya brusela aweza kukamuliwa asubuhi na maziwa yake yakanywewa jioni. Tena mchuuzi huchanganya maziwa ya ng'ombe wengi. Hivyo ng'ombe mmoja mgonjwa huharibu mkebe mzima. Homa ya brusela huja na kuondoka na huumiza viungo, hata mara nyingi mgonjwa hudhani ana malaria, akatumia dawa isiyomfaa.

Mnunuzi hawezi kuiona hatari hiyo, na ndiyo sababu sheria ikampa macho. Mwaka 1958 ilitungwa Sheria ya Maziwa iliyounda Bodi ya Maziwa ya Kenya, na kutoa leseni ni mojawapo ya kazi zake. Maafisa wa afya nao hukagua maduka, vyombo na watu.

Mkaguzi hutazama nini? Kwanza, uzito. Lita moja ya maziwa safi ya ng'ombe, katika joto la digrii 20, huwa na gramu 1,026 hadi 1,032 hivi. Ukitia maji, uzito hupungua na kipimo huzama zaidi. Pili, hutia spiriti kidogo katika maziwa. Yakigandamana, yameanza kuchacha. Tatu, hutazama chombo. Mkebe wa chuma wenye mdomo mpana husuguliwa hadi ndani, lakini jerikeni la plastiki halipitishi mkono, na uchafu hukaa katika mikwaruzo yake. Nne, hutaka cheti cha daktari, ili mgonjwa asishike chakula cha watu.

Wengine husema, "Mnunuzi achemshe tu, yatosha." Kuchemsha ni lazima, maana moto huua vijidudu hivyo, na hata maziwa ya mwenye leseni yakiwa mabichi yachemshwe. Lakini si kila kitu huondolewa na moto. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele kwa penisilini, maziwa yake yana dawa hata yakichemshwa. Hapana budi yasiuzwe mpaka zipite siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa. Wala moto hauyarudishii maziwa nguvu iliyopunguzwa kwa maji. Mama hulipa pesa zake akidhani analisha mtoto maziwa, kumbe anamnywesha maji.

Huyo mtia maji humdhulumu mchuuzi mwaminifu pia. Huuza kwa bei ya chini na kumnyang'anya wanunuzi. Kisha watu wakiugua, wachuuzi wote hushukiwa. Kwa hiyo leseni ni ngao ya mwaminifu.

Lakini mkaguzi naye ana wajibu. Yampasa amwonyeshe mchuuzi kipimo na kumweleza kosa lake kabla ya kumwaga maziwa. Nanyi msione haya kuuliza. Aliyeelezwa kosa lake hurekebisha. Aliyenyang'anywa bila maelezo hutafuta njia ya uchochoroni, na huko hakuna kipimo.

Kesho alfajiri, kabla ya kuujaza mkebe, jiulizeni: je, maziwa haya ningempa mtoto wangu mwenyewe?