Mafuta Taa Si Soda

Ndugu zangu vijana, nanyi kina mama, nyumba ya chumba kimoja haina stoo. Mwenye kipato kidogo hununua mafuta taa ya kupima na kuyatia kwenye chupa ya soda, kisha chupa hukaa sakafuni kando ya stovu. Mtoto wa miaka miwili ana kiu. Jamani, atajuaje kuwa si maji?

Akinywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Umaskini si aibu. Lakini msumari na kamba havingoji mshahara: tundikeni mafuta juu, kwenye kidumu chenye kifuniko, kabla ya pilikapilika za futari. Wabillahi tawfiq.