Kindi darini: tatizo ni tundu

Katika miji ya Marekani na Kanada, kindi wa kijivu akiingia darini, wengi hukimbilia sumu au mtego. Naona wanaanzia mwisho. Kindi huyu huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa majira ya baridi na tena wakati wa kiangazi, na watoto wake huzaliwa vipofu, bila manyoya, wakimtegemea mama kwa wiki zipatazo 10. Ukimuua mama au kumtupa msitu wa mbali, watoto hufa njaa humo darini, uvundo ukashuka hadi sebuleni. Na tundu likibaki wazi, kindi mwingine atahamia. Hilo tundu ndilo la kushughulikiwa. Watoto wakishaweza kutembea, kifungwe hapo kijilango kinachosukumika kwa nje tu. Wakishatoka wote, pazibwe kwa bati au wavu wa chuma. Ubao mtupu hautoshi, kwa kuwa meno ya mbele ya kindi hukua maisha yake yote, na huyapunguza kwa kutafuna.

Meno hayo hayo ndiyo hoja ya wasiotaka kungoja: huchuna nyaya za umeme, na waya uliochunwa unaweza kuunguza nyumba. Hofu hiyo ni ya haki kabisa, lakini inamhitaji fundi umeme akague nyaya leo, wala si sumu. Na asiyeweza kungoja kabisa anaweza kumwita mtaalamu awatoe watoto kwa glavu, awaweke kwenye sanduku karibu na tundu. Mara nyingi mama huja kuwabeba, mmoja mmoja, hadi kiota kingine.