Nani Aweza Kuuza Shamba la Marehemu?

Somo letu la leo ni juu ya kuuza nyumba au shamba la mtu aliyefariki.

Na tutoe mfano. Mzee mmoja wa Bagamoyo amefariki, akaacha mjane, watoto wanne, nyumba huko Magomeni na shamba la minazi huko Kaole. Baada ya arobaini ukoo umekaa barazani, ukamchagua kijana mkubwa awe msimamizi, wakaandika muhtasari na kutia saini. Mara akaja mnunuzi kutoka Dar es Salaam, fedha mkononi. Je, kijana yule aweza kumwuzia shamba?

Hawezi. Ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi ni mahakama. Akiuza kabla ya hapo, auza kisicho chake. Mjane aweza kushtaki, shamba likarudi, na mnunuzi akabaki kumwandama kijana kwa fedha zilizokwisha kuliwa.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza, pateni cheti cha kifo. Pili, kipelekeni pamoja na muhtasari wa ukoo katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi ya sheria ya Kiislamu au ya mila. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi aseme. Pasipo pingamizi, msimamizi hupewa barua ya uteuzi, yaani Fomu Na. IV. Hapo ndipo apatapo mamlaka.

Lakini msimamizi si mwenye mali, ameaminiwa tu. Kanuni za mwaka 1971 zampa miezi 4 kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Mazishi na madeni hulipwa kwanza. Kisha hufuata wasia, ambao kwa sheria ya Kiislamu hauzidi thuluthi. Ndipo warithi hugawiwa: mjane wa mzee wetu hupata thumni, yaani sehemu 1 katika 8, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.

Mahakama ya Rufani imepata kuamua kwamba msimamizi halazimiki kupata idhini ya kila mrithi ndipo auze. Hata hivyo ni busara awakalishe kitako kwanza, maana atatoa hesabu mahakamani, na fedha za mauzo ni zao.

Nawe mnunuzi, kabla hujatoa hata senti, itake barua ile, kisha nenda katika mahakama iliyoitoa ukahakikishe. Ongea na mjane pia. Na kama ardhi ina hati, jina la msimamizi huandikwa kwanza kwa Msajili wa Hati, ndipo ihamishwe kwako.

Sasa wenye vikundi, jadilini: katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi ambazo bado zina jina la marehemu, na ni nani anayelala ndani yake? Mpaka juma lijalo, kwa herini.