UJUMBE WA TAWI LA PANDE: KANGOMBA TUSIIRUDIE

Ndugu wanachama,

Kama tulivyozungumza kikaoni, kila msimu tunaapa: ufuta hatuuzi tena kangomba. Ikifika Februari, chakula ndani kimekwisha, mtoto anataka daftari, tunauza ufuta ungali shambani. Siku ya mnada wenzetu wanapata bei, sisi tunahesabu majuto.

Hatukosei kwa ujinga. Shida inatukuta mwezi uleule, mfukoni hamna kitu.

Basi tujipange mapema. Malipo ya AMCOS yakiingia, kwanza tutenge fedha ya Februari, tuiweke kwenye kikoba. Mahindi na mtama tusiuze yote. Anayebanwa atuambie wenzake kabla hajamwita mnunuzi. Kiapo peke yake hakishindi njaa, akiba inaishinda.


Katibu wa Tawi