Macho Wazi, Akili Mbali



Kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, huko Ilesi, limesimama Jiwe Lilialo, ambalo maji huchuruzika juu yake kama machozi. Hata hivyo, mwendesha pikipiki apitaye hapo kila siku huweza kufika Chavakali asikumbuke kwamba alilipita. Macho yalikuwa wazi. Akili ilikuwa nyumbani ikihesabu karo ya watoto.

Hali hiyo si ugonjwa. Kazi iliyozoeleka hutendwa na mwili kwa mazoea, na fahamu hupata nafasi ya kuwaza mengine. Ndivyo mama achambuavyo mboga huku akizungumza na jirani. Lakini mazoea hayalijui jambo geni. Mtoto akivuka barabara ghafula, ni lazima fahamu zirudi kwanza, ndipo mkono ukamate breki. Na pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde.

Basi mwenye busara na alifanye Jiwe hilo kuwa alama yake. Kila alionapo, na ajiulize: “Akili yangu i wapi sasa?”